Mafua yaliyopungua kisha yakarudi: kisa cha maambukizi ya ghafla ya sainasi

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 34, fundi cherehani, mama wa watoto wawili, mkazi wa mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Hana kisukari, hana presha, havuti sigara, na hajawahi kulazwa ila kwa uzazi. Alifika kituo cha afya mara mbili mwezi Julai, wakati ambao baridi ya huku huwafungia watu ndani pamoja na jiko la mkaa. Mara ya kwanza aliondoka bila antibiotiki. Mara ya pili aliondoka nazo. Nasimama na maamuzi yote mawili, na ninaandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu wagonjwa wengi, na wahudumu wenzangu wengi pia, wanaamini kwamba rangi ya makamasi ndiyo inayoamua nani apewe dawa. Kinachoamua ni mwendo wa siku: ugonjwa ulianza lini, ulipungua lini, ulirudi lini.

Umri, kazi na mambo mengine machache nimeyabadilisha ili asitambulike.

Siku ya nne

Alianza kwa koo kuwasha, chafya na pua kuchuruzika, muda mfupi baada ya mtoto wake mdogo kupata mafua. Siku ya pili pua ikaziba. Siku ya tatu makamasi yakawa mazito na ya njano, na asubuhi aliyokuja yalikuwa ya kijani. Kichwa kizito, uso mzima umebana, usiku halali vizuri kwa kuwa anapumulia mdomo.

"Daktari, haya si mafua tena," alisema. "Makamasi yenyewe ni kijani kitupu. Nipe dawa za nguvu nirudi kazini, nina sare za shule za watoto wa watu hazijaisha na shule zinafunguliwa."

Nilipomuuliza ameshatumia nini, alitoa kwenye pochi kibahasha cha dawa. Alinunua duka la dawa siku ya pili ya ugonjwa: vidonge kumi vya rangi mbili, amoksilini ya miligramu 250, bila cheti. Alikuwa akimeza kimoja asubuhi na kimoja jioni. Kibahasha hiki kitarudi baadaye kwenye kisa, kwa sababu kilibadilisha matibabu yake.

Joto lilikuwa 37.6. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu. Tulimpima kwa sababu ana kichwa na homa kidogo, na tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayehisiwa malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Watu wengi hapa kwetu wanaougua sainasi, yaani maambukizi ya mashimo ya hewa ya usoni, huwa wameshameza dawa mseto ya malaria kwanza, na siku zinazopotea hapo ni nyingi. Kwenye pua, nikitumia tochi na kuinua ncha ya pua kwa kidole gumba, niliona utando mwekundu uliovimba pande zote mbili. Nilipobonyeza paji la uso na mashavu alisema panauma kidogo kila mahali, si sehemu moja. Macho mazuri, shingo laini, kifua safi.

Sikumwandikia antibiotiki, na nilimwambia aache hicho kibahasha. Hakufurahi. Nilitumia muda mrefu zaidi kumweleza kuliko niliotumia kumpima, na nadhani hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Ukijani wa makamasi unatoka kwenye askari wa mwili wenyewe. Chembe nyeupe za damu zinazokimbilia kwenye pua iliyoshambuliwa na virusi zina kimeng'enya chenye rangi ya kijani, na zikijaa kwenye kamasi huliachia rangi hiyo. Zitajaa hata kama hakuna bakteria hata mmoja. Mafua ya kawaida huanza na makamasi mepesi, yanakuwa mazito na ya njano au kijani siku ya tatu au ya nne, kisha yanarudi kuwa mepesi na kukauka. Mtu akipimwa kwa rangi katikati ya safari hiyo, karibu kila mwenye mafua atapewa antibiotiki.

Jambo la pili ambalo halijulikani sana ni kwamba sainasi huugua katika mafua ya kawaida kabisa. Sainasi ni mashimo ya hewa ndani ya mifupa ya uso, jozi nne: ya mashavuni, ya kwenye paji, ya kati ya macho, na yale ya ndani kabisa nyuma ya pua. Utando unaoyafunika ndio huohuo wa pua, kwa hiyo pua ikivimba nayo huvimba. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za CT, yaani eksirei za kompyuta, watu 31 wenye mafua mapya ya kawaida. Watu 27 kati yao, yaani asilimia 87, walikuwa na mabadiliko kwenye sainasi za mashavu. Waliopigwa picha tena wiki mbili hivi baadaye, bila antibiotiki yoyote, wengi walikuwa wamesafika au wamepata nafuu kubwa. Ndiyo maana picha ya eksirei ya uso haitusaidii kwa mgonjwa kama huyu. Itaonyesha ukungu au maji kwenye sainasi, mgonjwa atalipia, na bado hatutajua kama ni virusi au bakteria. Naona watu wakija na bahasha kubwa ya eksirei wakiwa na mafua ya siku tano, na roho inaniuma kwa ile fedha.

Kati ya watu wazima 100 wanaopata mafua ya virusi, ni wawili au chini ya hapo ambao sainasi zao huja kuvamiwa na bakteria. Swali ni jinsi ya kuwatambua hao wawili. Miongozo mikubwa, ukiwemo wa chama cha wataalamu wa maambukizi wa Marekani wa 2012, inatazama mienendo mitatu. Wa kwanza ni dalili kudumu siku kumi au zaidi bila dalili yoyote ya kupungua. Wa pili ni ugonjwa unaoanza kwa kishindo: homa ya 39 au zaidi pamoja na usaha puani au maumivu ya uso, mfululizo kwa siku tatu au nne tangu mwanzo. Wa tatu ni mgonjwa aliyekuwa anapata nafuu, kisha baada ya siku tano au sita za mafua akarudi kuwa mbaya kuliko mwanzo: homa mpya, kichwa kipya, makamasi mengi zaidi.

Siku ya nne hakuwa na hata mmoja wa mienendo hiyo. Nilimpa parasetamoli, gramu moja kila baada ya saa sita akihitaji, isizidi gramu nne kwa siku. Nilimfundisha kuosha pua kwa maji ya chumvi. Kisha nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi, kwa maneno ambayo hata mumewe angeyasoma: mafua yalianza Jumatatu, ukifika Jumatano ya wiki ijayo bila nafuu, rudi, ukipata nafuu halafu homa au maumivu yakarudi, rudi hata kesho yake, jicho likivimba, usisubiri hata asubuhi.

Siku ya tisa

Siku ya sita pua ilianza kufunguka. Siku ya saba alirudi kwenye cherehani na kushona hadi jioni. Usiku wa siku ya nane aliamka na maumivu upande wa kulia wa uso, yakishuka mpaka kwenye meno ya juu. Asubuhi homa ilikuwa imerudi. Dada yake mkubwa, aliyekuja naye, alikuwa na maoni yake tayari.

"Daktari, mimi namwambia mdogo wangu hili ni jino. Aling'oe apumzike. Meno yote ya huku juu yanamuuma, hata chai hawezi kunywa."

"Linaweza kuwa jino kweli, dada," nilimjibu, "na nitalitazama. Lakini kwanza anieleze siku zilivyokwenda."

Akatoa ile karatasi. Alikuwa ameandika mwenyewe pembeni: *Jumamosi nafuu, Jumapili nzuri, Jumatatu usiku vibaya.* Kwa maandishi hayo peke yake uchunguzi ulikuwa umefika zaidi ya nusu.

Joto lilikuwa 38.7. Kuinama kulimuumiza, kulala ubavu wa kulia kulimuumiza. Chini ya jicho la kulia, kwenye mfupa wa shavu, nilipobonyeza alirudisha kichwa nyuma. Upande wa kushoto hakujali. Kwenye mwanzi wa kulia wa pua usaha mzito ulikuwa unashuka kutoka juu pembeni, na nilipomulika koo niliuona mstari wake ukiteremka nyuma ya kilimi. Harufu ya vitu alisema haisikii. Malaria tulipima tena, hakuna.

Kwa nini shavu la upande mmoja, na kwa nini meno? Sainasi ya shavu ina tundu la kutolea uchafu lililoko juu, karibu na dari yake, likimwaga kwenye pua. Ni kama dumu lenye mdomo juu, ambalo haliwezi kujimwaga lenyewe likiwa limesimama. Vinyweleo vidogo mno vya utando vinapandisha ute kuelekea tundu hilo usiku na mchana. Virusi vya mafua vikiviharibu vinyweleo na tundu likavimba na kufunga, ute unasimama, na bakteria waliokuwa wakiishi puani kwa amani wanapata bwawa. Wanaoongoza ni watatu: nyumokokasi, Haemophilus influenzae na Moraxella catarrhalis. Sakafu ya bwawa hilo ndiyo dari ya meno ya juu ya nyuma, na mishipa ya fahamu ya meno hayo inapita hapohapo. Kwa hiyo sainasi inauma kama meno.

Lakini dada mtu hakuwa anasema upuuzi. Njia hiyo inapitika pande zote mbili. Jino la juu la nyuma lililooza hadi kwenye mzizi linaweza kuipelekea sainasi usaha, na maambukizi ya namna hiyo huwa ya upande mmoja, yenye harufu mbaya ambayo mgonjwa mwenyewe anaisikia, na hayaponi vizuri mpaka jino litibiwe. Nilichukua kijiti cha kukandamizia ulimi na kugonga jino mojamoja. Meno manne ya juu upande wa kulia yaliuma karibu sawasawa, hakuna lililoruka juu ya mengine. Hakuna tundu, hakuna ufizi uliovimba, hakuna harufu. Sainasi hugawa maumivu kwa meno kadhaa, lakini jino bovu mara nyingi hujitaja lenyewe. Nimewahi kuona watu waliong'olewa meno mazima mawili kwa sababu ya shavu lenye usaha, na jino la mtu mzima halioti tena.

Nilifikiria pia kipandauso. Maumivu ya kichwa yanayokuja na kuondoka kwa miezi au miaka, yenye kichefuchefu, yanayochukia mwanga, huitwa sainasi na watu wengi mno. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa 2004 uliwakusanya karibu watu 3,000 waliokuwa wakijiita wagonjwa wa kichwa cha sainasi. Asilimia 88 walikuwa na dalili za kipandauso. Huyu hakuwa miongoni mwa watu hao: alikuwa na usaha, homa na upande mmoja unaobonyezeka, vyote kwa pamoja, baada ya mafua.

Kabla ya dawa nilitazama macho na shingo, na hapo nataka kukaa kidogo.

Jicho halisubiri

Kati ya sainasi za kati ya macho na jicho lenyewe kuna ukuta wa mfupa mwembamba kuliko karatasi nyingi. Usaha ukiupita, unaingia kwenye kitako cha jicho, na kutoka hapo mishipa ya damu isiyo na vizuizi inaweza kuupeleka kichwani. Mtu anaweza kupoteza kuona ndani ya saa chache. Hata siku ambazo foleni ni ndefu, mgonjwa yeyote wa sainasi lazima afanyiwe mambo haya: nimtazame kope zote mbili kama zimelingana, nimwambie afuate kidole changu juu, chini na pembeni bila kugeuza kichwa, nimuulize kama anaona vitu viwili, nimfunike jicho mojamoja asome kitu cha ukutani, na nimwinamishe kidevu kifuani. Haizidi dakika mbili.

Kope lililovimba na kuwa jekundu, jicho lililotoka nje, jicho linalouma likizungushwa au lisilozunguka, kuona vitu viwili au kuona hafifu: huyo hapewi dawa za kumeza arudi nyumbani. Anaanzishiwa antibiotiki ya mshipani na kupelekwa hospitali ya rufaa yenye CT na daktari wa masikio, pua na koo, siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa mwenye uvimbe laini kwenye paji la uso, maana mfupa wenyewe umeoza. Mwenye kichwa kikali kisichokubali dawa pamoja na kutapika. Mwenye shingo ngumu. Aliyechanganyikiwa au aliyepata degedege.

Watoto nawataja kwa mkazo. Sainasi za kati ya macho wanazaliwa nazo, na uvimbe wa jicho kutokana na sainasi huwapata wao zaidi kuliko watu wazima. Mama akiniambia mtoto alikuwa na mafua na sasa jicho limefumba, siandiki dawa ya macho ya kudondoshea. Na mtoto mdogo anayetoa uchafu wenye harufu mbaya kwenye tundu moja tu la pua, bila homa, mara nyingi hana sainasi kabisa: ameingiza shanga, harage au kipande cha sponji, na tiba yake ni kukitoa.

Kundi lingine ni wenye kisukari kisichodhibitiwa na wenye kinga iliyoshuka sana. Kwao fangasi wanaweza kuvamia sainasi na kula mishipa ya damu, kama ilivyoonekana India 2021 wakati wa wimbi kubwa la korona. Ganzi ya shavu, doa jeusi puani au kwenye kaakaa la juu, kwa mtu mwenye sukari ya juu, ni dharura ya upasuaji. Nilimpima sukari fundi wetu japo hakuwa na historia; ilikuwa ya kawaida. Nikampendekezea pia kipimo cha VVU, kwa sababu maambukizi ya sainasi yanayojirudia yamo kwenye hatua ya pili ya VVU kwa mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani. Hilo lilikuwa tukio lake la kwanza na halikuonyesha lolote baya, lakini alikubali, na jibu lilikuwa hana.

Macho yake yalizunguka vizuri, alisoma kalenda ukutani kwa kila jicho, kidevu kiligusa kifua. Angetibiwa nyumbani.

Dawa ipi, na kwa nini siyo ile ya dukani

Hata hapa, kwa mgonjwa ambaye dalili zake si nzito, kusubiri siku chache zaidi kwa makubaliano ya kurudi ni njia inayokubalika. Uchambuzi wa pamoja wa majaribio mengi uliotolewa na mtandao wa watafiti wa Cochrane 2018 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima 100 wanaosadikiwa kuwa na sainasi na wasiopewa antibiotiki, 46 hupona ndani ya wiki moja na 64 ndani ya wiki mbili. Antibiotiki huongeza wachache tu juu ya hao, na huwaletea watu 13 wa ziada kati ya 100 madhara, hasa ya tumbo. Lakini huyu alikuwa na homa ya 38.7, maumivu yaliyokuwa yakizidi, na mwendo ule wa kupungua na kurudi. Sikuona sababu ya kusubiri.

Kwa mtu mzima asiye na mzio wa penisilini, kitabu cha antibiotiki cha Shirika la Afya Duniani cha 2022 kinataja amoksilini gramu moja kila baada ya saa nane kwa siku tano, au amoksilini yenye asidi ya klavulaniki, inayoikinga isiharibiwe na bakteria, miligramu 500 kwa 125, kila baada ya saa nane kwa siku tano. Tazama sasa kile kibahasha. Vidonge kumi vya miligramu 250 ni gramu mbili na nusu. Dozi kamili ya siku moja ni gramu tatu. Yaani alichouziwa kama tiba hakikutosha hata siku moja, na yeye alikitandaza kwa siku kadhaa, akiwachokoza bakteria wa puani bila kuwaua. Mtu aliyetumia antibiotiki ndani ya mwezi mmoja uliopita ana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba bakteria wanaoikinza. Kwa sababu hiyo sikurudia amoksilini peke yake. Nilimwandikia ile yenye klavulaniki, vidonge 15, ale kidogo kabla ya kumeza. Ni ghali zaidi na inaharisha zaidi, na gharama hiyo yote ilianzia kwenye vidonge kumi ambavyo hakuvihitaji.

Simlaumu yeye. Duka lilikuwa karibu, sisi tulikuwa mbali tena tuna foleni, na hakuna aliyewahi kumwambia. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa huzungumzwa kwenye semina kama jambo la dunia nzima, na ni kweli, kwani makadirio ya kimataifa ya 2019 yalihesabu vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa nao moja kwa moja. Lakini huzaliwa kwenye kibahasha kama kile.

Aliniuliza kuhusu azithromaisini, ya siku tatu, ambayo shoga yake alipewa. Nilimkatalia. Nyumokokasi wengi wameshaizoea, na miongozo haiiweki mbele kwa sainasi. Septrini nayo hivyohivyo. Kwa mtu mzima mwenye mzio wa penisilini ningetumia doksisaiklini, baada ya kuhakikisha hana ujauzito.

Maji, chumvi na mvuke

Kuosha pua hakuuzwi kwenye kopo zuri, kwa hiyo hakuheshimiwi, lakini kunampa mgonjwa nafuu anayoisikia siku hiyohiyo. Chemsha maji yatokote kwa dakika moja, na kwa walio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kama sehemu za Njombe na Makete, dakika tatu. Yaache yawe ya uvuguvugu. Kijiko kidogo kimoja cha chumvi, kilichosawazishwa, kwenye nusu lita. Tumia bomba la sindano kubwa lisilo na sindano, lililo jipya. Inama juu ya beseni, laza kichwa upande mmoja, fungua mdomo, sukuma taratibu kwenye tundu la juu, maji yatokee la chini. Mara mbili au tatu kwa siku. Kuchemsha hakuna mbadala. Mwaka 2011 watu wawili katika jimbo la Louisiana, Marekani, walikufa kwa amiba wa ubongo baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa, na maji yetu ya kisima na mto hayana sababu ya kuaminiwa zaidi.

Dawa ya kudondoshea ya kufungua pua, ksailometazolini, nilimpa kwa siku tatu tu. Inafungua haraka mno, na hapo ndipo mtego ulipo: baada ya siku tano hivi pua huanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe, mtu anazidisha matone, na nimekutana na waliokaa nayo mfukoni miezi. Dawa ya kupulizia ya steroidi, flutikasoni au mometasoni, ina msaada kiasi, zaidi kwa mwenye mzio. Yeye hakuwa na mzio na bei ilikuwa kubwa, nikaiacha. Vidonge vya mzio vinavyosinzisha sikumpa pia, kwa kuwa vinakausha ute ukawa mzito usiotoka.

Dada yake aliuliza kuhusu kujifukiza. Tangu 2020 kila nyumba ina mapishi yake ya majani ya mikaratusi, malimao na tangawizi. Nilimwambia ukweli: joto na unyevu vinaburudisha, lakini hakuna ushahidi mzuri kwamba vinaondoa maambukizi, na sufuria ya maji yanayotokota chini ya blanketi imewaunguza watu wengi vibaya, hasa watoto wanaokaa karibu. Kama anataka mvuke, aoge maji ya moto. Jiko la mkaa nililiombea litoke chumbani kabisa, maana moshi na hewa yake vinauumiza utando uleule tunaotaka upone, na usiku chumba kikiwa kimefungwa vinaweza kuua.

Siku zilizofuata

Tulikubaliana anipigie baada ya saa 48 hadi 72. Mgonjwa anayezidi kuwa mbaya ndani ya muda huo akiwa anameza dawa vizuri haongezewi tu siku za dawa ileile. Anaitwa, anatazamwa upya macho na meno, na anafikiriwa kuhamishiwa kwa mtaalamu.

Siku ya pili ya dawa homa ilikata. Siku ya tatu maumivu ya meno yalibaki kidogo wakati wa kuinama. Aliharisha mara chache, akaendelea, akamaliza vidonge vyote 15. Harufu ya vitunguu aliisikia tena wiki iliyofuata, makamasi mepesi yakachukua siku nyingine kadhaa kukauka, jambo ambalo nilikuwa nimemwonya asiliogope. Tabibu wa meno alimtazama kwa ombi langu na akakubali kwamba meno ya juu ni mazima.

Kwenye faili nimeandika: tukio la kwanza, lenye mwendo wa kupungua na kurudi, bila matatizo ya jicho wala ubongo. Likimrudia mara nne au zaidi ndani ya mwaka mmoja akiwa mzima kati ya tukio na tukio, au makamasi na kuziba vikivuka wiki 12, anakwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo kwa kamera ya pua na CT. Dada yake ameomba naye aandikiwe karatasi ya siku kwa ajili ya wanawe, nikamwandikia, na mstari wa jicho nikauweka wa kwanza.